Ndege wa njia ya dukani: kwa nini sasa unawaona, na kwa nini ukisimama wanaruka

"Kila asubuhi natembea kwenda dukani, kama dakika kumi kwenda na kumi kurudi, mkoba mkononi. Miezi miwili hii nimeanza kuwaona ndege njiani, na ni njia ileile niliyoipita miaka yote bila kuwatazama. Je, wameongezeka au ni mimi? Taabu yangu ni kwamba kila nikisimama nimwangalie mmoja, anaruka. Wale wadogo wa kahawia wote naona ni walewale, na wengine nawasikia tu bila kuwaona. Nimeambiwa kwamba bila darubini najisumbua bure. Kuna mmoja anayepigana kila siku na kioo cha pembeni cha gari linaloegeshwa njiani, nadhani ni mgonjwa. Na wiki iliyopita nilikuta kinda chini ya mti nikaogopa kumshika, maana husemwa mama yake akisikia harufu ya mtu humtupa. Nilimwacha, lakini moyo haujatulia. Mtu mwenye dakika ishirini tu afanye nini na haya yote?"

Ndugu msomaji, nianze na kinda, maana naona hilo ndilo linalokukosesha raha. Kwa jinsi ulivyoeleza, huenda kumwacha ndilo jambo jema kuliko yote uliyoweza kumfanyia. Ile habari ya harufu, hata hivyo, haina ukweli. Ndege hunusa, tena vizuri kuliko ilivyodhaniwa zamani, lakini hawamtupi kinda kwa sababu ameguswa na mtu. Wazazi wamekwisha kujenga kiota, wameatamia, wamelisha mchana kutwa. Hawaachi kazi yote hiyo kwa ajili ya harufu ya kiganja. Kinachowazuia ni mtu anayeendelea kusimama pale. Ukibaki hatua chache kutoka kwa kinda, mama yuko juu ya tawi na mdudu mdomoni, hathubutu kushuka, nawe unaondoka ukiamini kuwa kinda hana mama.

Makinda wanaokutwa chini ni wa aina mbili, na kila mmoja ana msaada wake. Yupo asiye na manyoya, au mwenye vishina tu vya manyoya yasiyofunguka, pengine macho yamefumba, hawezi hata kusimama. Huyo ameanguka kabla ya wakati wake. Ukikiona kiota na ukakifikia bila hatari, mrudishe. Kama kiota kimebomoka, chukua chombo kidogo kilichotobolewa chini ili maji ya mvua yapite, weka nyasi kavu, kifunge kivulini kwenye mti uleule, karibu kadiri uwezavyo na pale kiota kilipokuwa, umweke humo. Kisha ondoka kabisa, utazame kutoka mbali. Wazazi wengi hufuata sauti ya mtoto wao hata kama nyumba imebadilika. Ukiona saa mbili zimepita hakuna aliyekuja, tafuta mtu wa kukusaidia.

Wa pili, ambaye ndiye hukutwa njiani mara nyingi zaidi, ana manyoya mwili mzima, mkia mfupi, pembe za mdomo bado njano, na anarukaruka ardhini akihangaika. Huyo hakuanguka. Ndege wengi hutoka kiotani siku kadhaa kabla mabawa hayajakomaa, na wazazi huendelea kuwalisha huko chini. Kama yuko katikati ya barabara au paka yuko karibu, mbebe hadi kwenye kichaka kilicho hatua kumi hivi kutoka hapo, wazazi waweze kusikia sauti yake. Basi, kazi yako imekwisha.

Usimdondoshee maji mdomoni. Tundu la njia ya hewa ya ndege liko nyuma tu ya ulimi, na tone moja linatosha kuingia mapafuni. Usimpe maziwa, kwa kuwa ndege hawezi kumeng'enya sukari yake, wala mkate. Usimchukue nyumbani ukidhani utamlea: kinda anayelishwa wadudu hupokea chakula kila baada ya dakika chache tangu alfajiri hadi jua linapozama, na katika nchi nyingi kumfuga ndege wa porini bila kibali ni kosa.

Kuna hali ambazo kumwacha si sahihi. Bawa linaning'inia, anatoka damu, ana manyoya kamili lakini hawezi kusimama, nzi wametaga mayai juu yake, au paka amemkamata hata kama huoni jeraha. Hili la paka watu hulipuuza. Meno yake huacha vidonda visivyoonekana chini ya manyoya, na mate yake yana bakteria wanaoweza kumuua ndege ndani ya siku moja au mbili asipopata dawa. Mtie kwenye sanduku lenye matundu, lililotandikwa kitambaa, ulifunike ili awe gizani, uliweke mahali palipotulia na pasipo baridi, bila chakula wala maji, umfikishe siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo au kwa watu wa huduma za wanyamapori. Kisha osha mikono kwa sabuni.

Sasa twende njiani. Uliuliza kama wameongezeka. Kwa sehemu kubwa ni wewe. Njia unayoipita kila siku akili huifanya kuwa mazoea, ikaacha kukuletea habari za yale yasiyobadilika. Siku unapomtambua ndege mmoja kwa uhakika, akili inapata kitu cha kutafuta, na kesho yake unamwona mara tano. Lakini sitaki kukuambia kuwa ni macho yako peke yake, kwa sababu yapo majira ambayo ndege kweli huonekana zaidi. Wakati wa kuzaana madume hukaa juu ya vilele na waya wakiimba, mahali ambapo miezi mingine wasingethubutu kukaa. Makinda wakishatoka viotani idadi hupanda kwa muda, kisha hushuka, kwa kuwa wengi hawafiki mwaka wao wa kwanza. Wahamiaji nao huingia na kutoka. Miezi miwili haitoshi kutofautisha mambo haya. Mwaka mmoja wa daftari utatosha, na daftari nitalifikia.

Swali la kuruka kwao ndilo ninalopenda kulijibu kwa utulivu, maana ukilielewa hilo, mengi yanafunguka.

Ndege wengi wadogo wana macho pembeni mwa kichwa. Njiwa huona zaidi ya nyuzi 300 kumzunguka bila kugeuza shingo. Maana yake ni kwamba alikuona zamani, kabla wewe hujamwona. Hakuruka kwa sababu ulikuwa mtu anayepita: mwendo mmoja, uso mbele, njia ileile. Halafu ukafanya mambo matatu kwa pamoja. Ulikatiza mwendo, ukamgeuzia kifua, ukamkazia macho. Hivyo ndivyo afanyavyo mwindaji aliyekwisha kuchagua. Ndege hajui kuwa una mkoba wa dukani. Anajua umbo na mwelekeo.

Mwaka 1986 watafiti wa tabia za wanyama, Ronald Ydenberg na Lawrence Dill, waliandika hoja ambayo bado watafiti huitumia: mnyama hakimbii mara tu anapoiona hatari, hukimbia pale hasara ya kubaki inapozidi hasara ya kuondoka. Kuruka kuna gharama. Kunakula nguvu, kunamnyang'anya chakula alichokuwa akikidonoa, kunamwonyesha kwa mwewe. Kwa hiyo ndege anayekula, aliye karibu na kichaka, mwenye wenzake wengi wa kumsaidia kuangalia, atakuvumilia karibu zaidi kuliko aliye peke yake katikati ya uwanja. Ukijua hilo, unaweza kukisia nani atabaki kabla hujamkaribia.

Basi fanya hivi. Punguza mwendo mapema, hatua kumi na tano au ishirini kabla ya kumfikia, kidogo kidogo, usikatize ghafla. Usimwendee moja kwa moja. Pita kwa mshazari, kama mtu ambaye njia yake inaelekea pembeni ya ndege. Mtazame kwa pembe ya jicho kwanza. Ukitaka kusimama, simama ubavuni mwa nguzo, mti au ukuta, ili umbo lako lisijichore peke yake. Mkoba uushike usiyumbe. Usinyooshe mkono kumwonyesha mwenzako, kwani mkono unaoinuka huwafukuza kuliko hata sauti. Maneno ya kawaida kwa sauti ya chini hayana shida. Dakika mbili zikipita umetulia, wengi hurudi kwenye shughuli zao.

Ndege mwenyewe hukuambia umefika mpaka. Kwanza huacha kula na kuinua kichwa. Kisha shingo inarefuka, manyoya yanabana mwilini hadi anaonekana mwembamba. Mwisho anachuchumaa kidogo, na mkia au mabawa yanashtuka. Kwenye shingo kurefuka, wewe rudi nyuma hatua moja au geuza uso. Mara nyingi atateremsha kichwa aendelee kula. Ukingoja hadi achuchumae, umechelewa.

Kupita kila siku saa ileile nako kunakusaidia, na hapa una faida ambayo mtalii wa mbugani hana. Ndege wa makazi ya watu huwatambua watu. Katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, mwaka 2006 John Marzluff na wenzake walivaa kinyago cha namna moja walipokuwa wakiwakamata kunguru ili kuwavisha pete miguuni. Miaka kadhaa baadaye kunguru wa eneo hilo walikuwa bado wanamzomea yeyote aliyekivaa, na waliovaa kinyago tofauti wakapita bila kusumbuliwa. Kwa hiyo usiwarushie mawe, usiwakimbize hata siku moja kwa utani, wala usimruhusu mtoto unayeongozana naye. Sifa mbaya hudumu.

Tuje kwa wale wadogo wa kahawia. Kosa la karibu kila anayeanza ni kuanzia kwenye rangi. Rangi ndiyo inayodanganya kuliko alama zote. Ndege aliyesimama kati yako na jua huwa mweusi hata kama ni wa njano. Manyoya huchakaa na kupauka. Jike mara nyingi hafanani na dume, na mtoto hafanani na yeyote kati yao. Anzia kwenye ukubwa, ufuate umbo, kisha mwendo, na rangi iwe ya mwisho. Utafika mahali umtambue ndege kama unavyomtambua jirani kwa mwendo wake kabla hujamwona uso.

Ukubwa unahitaji kipimo, nacho ni ndege unayemjua. Chukua shomoro, ambaye siku hizi yuko miji mingi ya dunia: urefu wake ni kama sentimita 15, na uzito gramu 30 hivi. Njiwa wa mjini ana urefu zaidi ya mara mbili ya huo. Kunguru ni mkubwa kuliko njiwa. Kwa kila mgeni jiulize: ni mdogo kuliko shomoro? Yuko kati ya shomoro na njiwa? Kati ya njiwa na kunguru? Jibu hilo peke yake hupunguza orodha kwa kiasi kikubwa, na halihitaji darubini.

Kisha mdomo. Mfupi, mnene, wenye umbo la pia ni wa kupasua mbegu. Mwembamba na wenye ncha ni wa kuokota wadudu. Uliopinda kama ndoano ni wa kurarua nyama. Halafu miguu: je, anatembea mguu baada ya mguu kama njiwa, au anarukaruka kwa miguu yote miwili pamoja kama shomoro? Alama hii haisahauliki na huonekana kutoka mbali sana. Tazama pia mkia, kama unatikisika juu na chini, unapepea, au umetulia. Na kuruka kwake, kama ni kwa mstari ulionyooka au kwa kupanda na kushuka.

Juma la kwanza usitafute ndege wapya kabisa. Mjue shomoro. Dume ana utosi wa kijivu, ukanda wa kahawia iliyoiva kuanzia jicho hadi nyuma ya shingo, shavu lililopauka, na doa jeusi kooni. Jike hana doa hilo. Ana mstari hafifu uliopauka nyuma ya jicho, na kidari kisicho na michirizi. Tazama lile doa jeusi kwa makini. Baada ya dume kubadilisha manyoya, kila unyoya mpya wa kooni una ncha iliyopauka, kwa hiyo doa linaonekana dogo na lenye vumbi. Miezi inavyopita ncha hizo zinalika, weusi unajitokeza, na wakati wa kuzaana unapofika doa ni kubwa na limekolea, wala hakuota unyoya mwingine. Ukipita njia ileile mwaka mzima utaliona likikua mbele ya macho yako. Ukishamjua shomoro kiasi hicho, yeyote wa kahawia asiye shomoro atajitenga mwenyewe: huyu kidari kina michirizi, huyu mdomo mwembamba, huyu anatembea badala ya kurukaruka.

Njiwa nao mtazame kichwa anapotembea. Watu husema anatikisa kichwa. Kwa kweli anakisukuma mbele, kisha anakiacha palepale hewani wakati mwili unakuja kukifikia, halafu anakisukuma tena. Ule muda mfupi kichwa kimetulia, macho yanapata picha isiyotikisika. Mwaka 1978 njiwa walitembezwa juu ya mkanda unaozunguka, wakawa wanatembea bila kwenda popote, na kichwa kikaacha kusukumwa kwa sababu mazingira yao hayakuwa yakisogea. Ni kitu unachoweza kukithibitisha kesho kwa kusimama sekunde kumi tu.

Juu ya waya na angani kuna mkanganyiko mmoja wa kuuondoa mapema. Anayeruka kwa kasi akikamata wadudu si lazima awe mbayuwayu. Teleka hufanana naye, lakini mabawa yake ni membamba kama mundu na yamekakamaa, na huwezi kumkuta amekaa kwenye waya, maana miguu yake haikuumbwa kwa hilo. Hujishikiza kwenye kuta na majabali. Ukimwona ametua kwenye waya, mwandike mbayuwayu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi walionyesha, kwa vifaa vidogo vilivyofungwa mgongoni, kwamba baadhi ya teleka wanaozaliana huko hukaa angani hadi miezi 10 bila kutua.

Wale unaowasikia bila kuwaona si hasara. Wajuzi wengi hutambua ndege kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Asubuhi ndiyo saa nzuri: hewa imetulia, mwanga bado ni haba wa kutafutia chakula, na dume huutumia muda huo kutangaza eneo lake. Jua likishapanda kelele hushuka. Kwa hiyo ukiweza kusogeza safari ya dukani nusu saa mapema, utasikia mara nyingi zaidi bila kuongeza dakika hata moja. Toa visikilizio masikioni. Simama, weka viganja nyuma ya masikio, geuza kichwa taratibu kushoto na kulia hadi sauti iwe na nguvu sawa pande zote mbili; ndege yuko mbele ya pua yako. Kisha usitafute ndege, tafuta jani linalotikisika. Na usishangae ukidhani unasikia wawili kumbe ni mmoja. Ala ya sauti ya ndege iko chini kabisa ya koromeo la hewa, pale linapogawanyika kwenda kila pafu, na ndege wengi waimbao wanaweza kutoa sauti mbili kwa wakati mmoja.

Jifunze mapema kutofautisha wimbo na tahadhari. Peter Marler, mtafiti wa sauti za ndege, aliandika mwaka 1955 jambo ambalo utalisikia mwenyewe njiani. Mwewe au kipanga akipita juu, ndege wadogo wengi hutoa mlio mwembamba, mrefu, wa juu, "siiii", ambao ni vigumu sana kujua unatoka wapi, na mara moja kila mtu yuko kimya. Lakini wakimwona bundi aliyelala, nyoka au paka, hutoa milio mikavu, ya kukwaruza, inayorudiwarudiwa, "chak-chak-chak", na hiyo ni rahisi kuifuata hadi inapotoka, maana lengo lake ni kuwaita wenzao waje kumzomea adui. Ukisikia zogo la namna hiyo, usiwatazame wanaopiga kelele. Tazama wanakotazama wao. Hivyo ndivyo watu wengi humwona bundi wao wa kwanza mchana, amejibana kwenye shina.

Darubini si sharti. Kwa njia ya dakika kumi yenye ndege waliozoea watu, macho na masikio yanatosha kwa mwaka wa kwanza, na pengine ni bora, kwa kuwa utajifunza umbo na mwendo kabla ya kutegemea lenzi. Ikija kuwa unaitaka, chagua 8x32 au 8x42. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Zinazokuza mara 10 na zaidi hutikisika mikononi na huonyesha eneo dogo, hivyo anayeanza hupoteza ndege. Programu za simu zinazotambua sauti, kama Merlin, husaidia, ila zichukue kama dokezo. Hukosea pakiwa na magari, na hukosea kwa ndege wanaoiga wenzao. Usiandike ndege ambaye programu imemtaja na wewe hukumwona wala hukumsikia vizuri. Na tafadhali usipige sauti ya ndege kwenye simu ili kumvuta dume atoke. Huacha kulisha au kulinda kiota akaja kumtafuta mpinzani asiyekuwepo.

Daftari ndilo linalogeuza matembezi yako kuwa elimu. Andika ukishafika, si ukiwa unavuka barabara. Kwa jumla kanuni iwe moja, kwanza simama mahali salama, ndipo uinue macho. Andika tarehe, saa uliyoanza na uliyomaliza, hali ya hewa, ndege gani, wangapi, na walikuwa wakifanya nini. Hesabu safari ya kwenda tu. Ukihesabu na ya kurudi, walewale utawaandika mara mbili. Kundi likiruka na kutua tena, chukua idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa mara moja. Usiyemjua mpe jina la muda linaloeleza alama zake, "mkia mrefu anayetikisa, mdomo mwembamba, ardhini", ukamchore hata kama huwezi kuchora. Siku ambayo shomoro hakuwepo, andika sifuri, maana bila sifuri hutajua kamwe kama wamepungua au hukuandika. Wala usidharau dakika zako. Hesabu ya ndege iitwayo Great Backyard Bird Count, iliyoanza mwaka 1998 na kufanyika kila Februari, inaomba angalau dakika 15 za kutazama mahali pamoja. Ishirini zako, kila siku, mahali palepale, zina thamani ambayo safari moja ya porini haina.

Yule wa kwenye kioo si mgonjwa. Ni dume, ingawa majike nao hufanya hivyo, anayelinda eneo lake wakati wa kuzaana. Anamwona dume mwingine ndani ya kioo, anamtishia, na yule hakimbii. Kila akimpiga naye anampiga. Ndege wa kweli wangemaliza ugomvi kwa dakika chache kwa mmoja kukubali kushindwa. Taswira haikubali, ndiyo maana anarudi kila siku. Dawa ni kuondoa taswira: mwenye gari afunike kioo kwa mfuko au soksi kila anapoegesha, au akikunje kama kinakunjika, au aegeshe mahali pengine kwa muda. Ongea naye, wengi hawajui. Kuweka sanamu ya bundi hakusaidii sana, hulizoea upesi. Mara nyingi tabia hii huisha yenyewe baada ya majuma machache, homoni zikishuka. Ukiona damu kwenye kioo, au ndege amekaa chini amejivimbisha na haondoki ukimkaribia, hapo ndipo anahitaji kushikwa na kupelekwa kwa mtaalamu kwa namna niliyoeleza kwa kinda.

Hali moja hairuhusu kushika kabisa. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa karibukaribu, au wanaozungukazunguka, shingo imepinda, hawawezi kusimama, usiwaguse, mzuie mbwa na mtoto, kumbuka mahali penyewe na utoe taarifa siku hiyo kwa ofisi ya mifugo au ya wanyamapori. Inaweza kuwa sumu, inaweza kuwa mafua ya ndege, na kutofautisha hayo ni kazi ya maabara. Kama una kuku nyumbani, badilisha viatu kabla ya kuingia bandani.

Na ukifika mahali daftari lina majina ya muda mengi kuliko ya kweli, usiendelee kuhangaika peke yako. Tafuta mtu anayewajua ndege wa eneo lako, awe wa chama cha ndege, makumbusho, idara ya wanyamapori, au mzee aliyekulia hapo. Mwombe asubuhi moja tu, mpite naye njia yako hiyohiyo ya dukani, daftari mkononi, umsomee maelezo uliyoandika kabla hajakuambia jina.